Homoni za Steroidi na Shinikizo Ndani ya Fuvu: Dawa Moja, Matokeo Yanayopingana

Fuvu la kichwa cha mtu mzima ni sanduku la mfupa lisilotanuka, na ndani yake mna vitu vitatu vinavyogawana nafasi: ubongo wenyewe, unaochukua takriban asilimia 80, damu iliyomo katika mishipa, asilimia 10 hivi, na ugiligili, yaani maji maangavu yanayouzunguka ubongo na kushuka hadi kwenye uti wa mgongo, ambayo nayo huchukua sehemu iliyobaki. Kwa kuwa mfupa hautanuki, kimoja kati ya vitatu hivyo kikiongezeka, sharti kingine kipungue, la sivyo shinikizo litapanda. Kanuni hiyo ilielezwa na Alexander Monro wa Edinburgh mwaka 1783, ikatiliwa nguvu na George Kellie wa Leith mwaka 1824, na hadi leo ndiyo msingi wa tiba yote ya ubongo uliobanwa.

Ugiligili huo hautuami. Hutengenezwa mchana na usiku ndani ya vyumba vilivyomo katikati ya ubongo, kiasi cha nusu lita kwa siku, ilhali ule unaokuwamo kwa wakati mmoja ni mililita 150 tu. Maana yake ni kwamba maji yote hubadilishwa mara tatu au zaidi kila siku, na kila kinachotengenezwa hakina budi kunyonywa na kurudishwa katika damu kupitia vijinundu vidogo vilivyochomoza ndani ya mishipa mikubwa ya vena chini ya fuvu. Mizani hiyo ya kutengeneza na kunyonya ikidumu, shinikizo la mtu mzima aliyelala hubaki kati ya milimita 7 na 15 za zebaki. Likipanda sana, damu hushindwa kuufikia ubongo, na mwishowe nyama ya ubongo husukumwa kuelekea kwenye tundu lililo chini ya fuvu, mahali lilipo shina la ubongo linaloendesha pumzi na mapigo ya moyo. Hapo kifo huwa karibu.

Miongoni mwa dawa zilizowahi kutumiwa dhidi ya hali hiyo, hakuna kundi lililopata sifa na lawama kwa pamoja kama steroidi. Kuna wagonjwa ambao dawa hizi huwarejeshea fahamu ndani ya siku moja au mbili, kuna wengine ambao huwaongezea hatari ya kufa, na kuna wengine ambao shinikizo lao la fuvu limetokana na homoni hizo hizo, hasa zinapoachwa ghafla. Mkanganyiko huo huondoka pale inapoeleweka kwamba steroidi haitibu shinikizo kama shinikizo, bali hutibu baadhi tu ya mambo yanayolisababisha. Kwa hiyo anayeitoa au kuitumia bila kujua chanzo anabahatisha kwa uhai wa mtu.

Homoni zitokazo juu ya figo

Juu ya kila figo pamekaa tezi ndogo iitwayo adrenali, ambayo gamba lake hutengeneza homoni kutokana na lehemu, au kolestroli. Homoni zote zenye asili hiyo huitwa steroidi, nazo ni ukoo mpana. Kotisoli husimamia matumizi ya sukari, nguvu ya kinga, na namna mwili unavyokabili maradhi na msukosuko. Aldosteroni huamua ni kiasi gani cha chumvi na maji kibaki mwilini. Na homoni za uzazi, yaani testosteroni, estrojeni na projesteroni, hutoka kwa sehemu kubwa katika korodani na ovari. Daktari anaposema kwamba mgonjwa anatumia steroidi, kwa kawaida hukusudia dawa zinazoiga kazi ya kotisoli, kama vile haidrokotisoni, prednisoloni na deksamethasoni. Hii ya mwisho wasomaji wengi waliisikia mwaka 2020, ilipothibitika nchini Uingereza kwamba inapunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 waliohitaji oksijeni.

Kotisoli haiachwi itoke ovyo. Ubongo huiamuru tezi ya pituitari, iliyoning'inia chini yake, nayo pituitari huziamuru adrenali. Kotisoli ikitosha katika damu, amri hupunguzwa. Utaratibu huo una tokeo moja kubwa: dawa ya steroidi ikiingizwa kutoka nje, pituitari huihesabu kama kotisoli ya mwili, huacha kutoa amri, na baada ya wiki kadhaa adrenali hudhoofu na kusinyaa kwa kukosa kazi. Mgonjwa akiacha dawa kwa ghafla, tezi hizo haziwezi kuamka siku hiyo hiyo, na mwili hubaki bila homoni ambayo hauwezi kuishi bila hiyo.

Ni jambo la kutia mazingatio kwamba jina la mtu mmoja limeambatana na pande zote mbili za suala hili. Harvey Cushing, daktari mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani, alifanya majaribio kwa wanyama mjini Bern, Uswisi, mwanzoni mwa karne ya 20, akaonyesha kwamba shinikizo la fuvu linapopanda, shinikizo la damu nalo hupanda, kana kwamba mwili unapigana ili damu iendelee kuufikia ubongo. Shinikizo la damu lililopanda, mapigo ya moyo yaliyopungua kasi na pumzi zisizo na mpangilio ni dalili tatu ambazo hadi leo madaktari huzihusisha na jina lake, na zikionekana pamoja huashiria hatari kubwa. Miaka 30 baadaye, mwaka 1932, Cushing huyo huyo alieleza ugonjwa wa watu ambao pituitari yao huzilazimisha adrenali kutoa kotisoli kupita kiasi: uso hujaa na kuwa wa mviringo, tumbo hunenepa, mikono na miguu hukonda, ngozi huchanika kwa michirizi, na shinikizo la damu na sukari hupanda. Sura hiyo hiyo huonekana siku hizi kwa watu waliotumia vidonge vya steroidi kwa muda mrefu.

Pale dawa inaposhusha shinikizo

Steroidi iliingia katika tiba kwa mlango wa baridi yabisi. Mwezi Septemba 1948, katika kliniki ya Mayo iliyoko Rochester, jimbo la Minnesota, Philip Hench na Edward Kendall walimpa steroidi iitwayo kotisoni mgonjwa aliyekuwa amelemazwa na ugonjwa wa viungo, na baada ya siku chache akaanza kutembea. Mwaka 1950 wawili hao, pamoja na Tadeus Reichstein wa Uswisi, walipewa Tuzo ya Nobel. Kotisoni ilikuwa na kasoro ya kuzuia chumvi na maji mwilini, jambo lisilofaa kwa ubongo uliokwisha kujaa maji. Deksamethasoni, iliyotengenezwa mwishoni mwa muongo huo, haina kasoro hiyo kwa kiasi kikubwa, ilhali nguvu yake ya kutuliza uvimbe ni takriban mara 25 ya haidrokotisoni.

Mwaka 1961 Joseph Galicich na Lyle French wa Chuo Kikuu cha Minnesota, pamoja na mwenzao, walitoa taarifa ya wagonjwa wenye uvimbe wa kansa ndani ya ubongo ambao, baada ya kupewa deksamethasoni, maumivu ya kichwa yalipungua, fahamu zikarejea na viungo vilivyopooza vikapata nguvu. Kiwango walichokitumia, yaani miligramu 10 kwanza, kisha miligramu 4 kila baada ya saa sita, bado kinafuatwa katika hospitali nyingi duniani, ingawa siku hizi wagonjwa wenye dalili nafuu hupewa kiasi kidogo zaidi.

Ili kuelewa kwa nini dawa hufaulu hapo, ni lazima kuangalia ukuta wa mishipa midogo ya damu ya ubongo. Katika sehemu nyingine za mwili ukuta huo una nafasi ambazo maji na protini hupenya, lakini katika ubongo seli zake zimeshikamana kwa nguvu, na ubongo huchagua kinachoingia. Uvimbe wa kansa hutoa kemikali zinazochochea mishipa mipya kuota, na mishipa hiyo mipya huvuja. Umajimaji wa damu hupenya kwenye nyama ya ubongo inayouzunguka uvimbe, na mara nyingi maji hayo ndiyo yanayompa mgonjwa dhiki kubwa kuliko uvimbe wenyewe. Deksamethasoni huzibana tena seli za ukuta na kupunguza nguvu ya kemikali zile, mvujo ukapungua, na nafasi ikarudi. Dawa haijaiua kansa. Imewapa wapasuaji na wataalamu wa mionzi muda wa kufanya kazi yao.

Kuna namna nyingine ya ubongo kuvimba ambayo Igor Klatzo aliitenganisha waziwazi na hii mwaka 1967. Ubongo unapokosa damu au unapopondwa, pampu zinazotoa chumvi ndani ya seli huishiwa nguvu, chumvi hubaki ndani, huvuta maji, na seli zenyewe huvimba. Hapa ukuta wa mishipa siyo mkosaji wa kwanza, na steroidi haina cha kuziba. Ndiyo sababu haitolewi kwa kiharusi cha kukosa damu, hata pale picha inapoonyesha ubongo umevimba vibaya.

Ajali za kichwani na somo la mwaka 2004

Kwa zaidi ya miaka 30 madaktari wa nchi nyingi waliwapa steroidi watu walioumia kichwani, kwa hoja iliyoonekana kuwa nyoofu: ubongo umevimba, dawa hii hupunguza uvimbe, basi apewe. Hoja hiyo ilipimwa katika jaribio lililoitwa CRASH, lililoongozwa kutoka London na kuhusisha hospitali za nchi 49. Lengo lilikuwa kuandikisha watu 20,000, lakini mwezi Mei 2004 uandikishaji ulisimamishwa baada ya watu 10,008, kwa sababu takwimu zilikuwa zimekwisha kusema. Katika kundi lililopewa steroidi ya methiliprednisoloni kwa saa 48, asilimia 21.1 walikufa ndani ya wiki mbili. Katika kundi lililopewa dawa isiyo na kiini, waliokufa walikuwa asilimia 17.9. Baada ya miezi sita tofauti hiyo ilikuwa bado ipo.

Tofauti ya asilimia tatu inaweza kuonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwa kila watu 1,000 walioumia na kupewa dawa hiyo, ni takriban 30 waliokufa ambao wangeweza kuishi. Hakuna daktari mmoja, hata awe mzoefu kiasi gani, ambaye angeweza kuliona jambo hilo kwa macho yake wodini, kwa sababu mgonjwa wa ajali ya kichwa aliyekufa hudhaniwa kuwa amekufa kwa ajali. Afrika Mashariki, ambako ajali za bodaboda hujaza wodi za majeruhi, somo hilo lina uzito wa pekee: majeruhi wa kichwa huhitaji njia ya hewa iliyo wazi, oksijeni, shinikizo la damu lisiloshuka, kitanda kilichoinuliwa upande wa kichwa, kipimo cha picha na mpasuaji wa kuondoa damu iliyoganda ndani ya fuvu; sindano ya steroidi siyo sehemu ya tiba yake.

Malaria, kifua kikuu na fangasi

Maradhi ya kuambukiza yanaonyesha kwa uwazi zaidi kwamba dalili moja inaweza kuwa na vyanzo visivyotibika kwa njia moja. Malaria inapopanda kichwani, kama wanavyosema watu wengi, chembe nyekundu za damu zenye vimelea hunata katika mishipa midogo ya ubongo na kuziba njia. Mwaka 1991 Charles Newton na wenzake, waliokuwa wakifanya utafiti Kilifi, katika pwani ya Kenya, walionyesha kwamba shinikizo la fuvu hupanda kwa watoto wenye malaria ya ubongo, na huko Malawi picha za sumaku zilizochapishwa mwaka 2015 zilithibitisha kwamba ubongo wa watoto wanaokufa kwa ugonjwa huo mara nyingi huwa umevimba sana.

Pamoja na hayo, steroidi haikusaidia. Jaribio lililofanywa Thailand na kuchapishwa mwaka 1982 na David Warrell na wenzake, likihusisha wagonjwa 100 waliopoteza fahamu, lilionyesha kwamba deksamethasoni haikupunguza vifo, bali iliwachelewesha wagonjwa kuamka na kuwaongezea homa ya mapafu na kutokwa na damu tumboni. Manitoli nayo, dawa ya kuvuta maji kutoka katika ubongo, ilijaribiwa kwa watoto wa Uganda na haikuleta nafuu iliyotarajiwa. Kinachomwokoa mtoto mwenye degedege na fahamu zilizopotea ni atisuneti, dawa ya malaria ya sindano, inayotolewa mapema, sukari ya damu kuangaliwa, na degedege kuzuiwa.

Kifua kikuu cha utando wa ubongo kina hadithi tofauti. Hapo shinikizo hupanda kwa sababu kinga ya mwili yenyewe, inapopambana na vimelea, hutengeneza ute mzito unaoziba njia za ugiligili na kubana mishipa chini ya ubongo. Jaribio la Vietnam la mwaka 2004, lililokuwa na wagonjwa 545, lilionyesha kwamba deksamethasoni ikiunganishwa na dawa za kifua kikuu ilishusha vifo kutoka asilimia 41.3 hadi 31.8, na tangu hapo imekuwa sehemu ya tiba, ikitolewa kwa kiwango kinachopunguzwa hatua kwa hatua kwa wiki sita hadi nane. Hata hivyo, jaribio jingine la mwaka 2023, lililowahusu watu 520 wanaoishi na VVU, halikupata faida iliyo dhahiri kwao. Huenda kinga iliyokwisha kudhoofika haina makali mengi ya kutulizwa.

Chanzo cha tatu ni fangasi aitwaye kriptokokasi, ambaye huwashambulia hasa watu wenye VVU ambao kinga yao imeshuka sana. Gamba la fangasi huyo hutoa utelezi unaoziba vile vijinundu vinavyonyonya ugiligili, na shinikizo hupanda kiasi cha kumnyima mgonjwa uwezo wa kuona na kusikia. Deksamethasoni ilijaribiwa katika nchi sita, Uganda na Malawi zikiwemo, na jaribio likasimamishwa kabla ya wakati baada ya wagonjwa 451, kwa sababu vifo havikupungua, ulemavu uliongezeka, na fangasi walikufa polepole zaidi kwa waliopewa dawa. Kinachofaa hapo ni cha moja kwa moja: pamoja na dawa za kuua fangasi, maji ya mgongo hutolewa kwa sindano, tena na tena ikibidi kila siku, mpaka shinikizo litulie. Ndugu wengi wa wagonjwa huiogopa sindano hiyo wakiamini kwamba huleta kupooza au kifo. Ukweli ni kwamba kwa ugonjwa huu wanaokufa kwa kuikosa ni wengi.

Homoni zinapopandisha shinikizo

Upande wa pili wa suala hili haujulikani sana nje ya hospitali. Kuna hali ambayo shinikizo la fuvu hupanda ingawa hakuna uvimbe, hakuna maambukizi, na picha ya ubongo ni safi. Heinrich Quincke wa Ujerumani, aliyeanzisha kipimo cha sindano ya mgongo mwaka 1891, aliwaona wagonjwa wa namna hiyo, na mwaka 1937 Walter Dandy wa Marekani akaweka vigezo vya kuwatambua. Kwa muda mrefu hali hiyo iliitwa shinikizo lisilo na madhara, jina lililopotosha, kwa kuwa huweza kumpofusha mtu kabisa.

Moja ya visababishi vilivyothibitishwa kwa watoto ni kuachishwa steroidi. Mtoto mwenye pumu, ugonjwa wa figo au ukurutu hutumia prednisoloni kwa miezi; nyumbani vidonge vinaisha au mzazi anaona mtoto amepona na kuviacha; siku au wiki chache baadaye mtoto analalamika kichwa, anatapika asubuhi, anaona vitu viwili viwili. Majaribio kwa wanyama yameonyesha kwamba kotisoli ikipungua ghafla, ugiligili hunyonywa kwa shida zaidi. Kwa njia hiyo hiyo, shinikizo hupanda kwa baadhi ya watu wenye ugonjwa uliofafanuliwa na Thomas Addison wa London mwaka 1855, ambao adrenali zao zimekufa, na kwa baadhi ya wale waliofanyiwa upasuaji wa ugonjwa wa Cushing, ambao kotisoli yao hushuka kutoka juu hadi chini kwa mara moja. Katika hali hizi tiba ni kurudisha homoni iliyokosekana na kuipunguza kwa taratibu. Homoni ile ile iliyoua katika ajali ya kichwa hapa ndiyo inayookoa.

Hatari hiyo haitokani na vidonge peke yake. Steroidi kali za kupaka, kama klobetasoli na betamethasoni, hupenya ngozi na kuingia katika damu, hasa ngozi nyororo ya mtoto mchanga. Tangu miaka ya 1970 majarida ya tiba ya Uingereza yameeleza watoto wachanga waliopakwa krimu hizo kwa muda mrefu ambao utosi wao ulituna kwa shinikizo. Jambo hili linaigusa jamii ya Afrika Mashariki kwa karibu, kwa kuwa krimu za steroidi huuzwa kwa ajili ya kung'arisha ngozi, na mara nyingi huwa ndani ya mkorogo unaochanganywa bila kipimo na kupakwa mwili mzima kwa miaka. Mjini Kinshasa nako watafiti wameeleza matumizi ya vidonge vya deksamethasoni kwa lengo la kunenepa. Anayetumia vitu hivyo hajioni kuwa mgonjwa wala hajui kwamba adrenali zake zimelala. Siku akiviacha, au akipatwa na homa kali au upasuaji, mwili wake hauna akiba ya kotisoli, na anaweza kuzirai na kufa kabla mtu hajafikiria sababu.

Kwa watu wazima, hali ya shinikizo lisilo na chanzo kinachoonekana huwapata zaidi wanawake wenye umri wa kuzaa na uzito mkubwa, na hapo pia steroidi zinatajwa. Mafuta ya mwilini si ghala tu; yana kimeng'enya kinachogeuza kotisoni isiyo na nguvu kuwa kotisoli yenye nguvu. Mwaka 2019 watafiti wa Birmingham, Uingereza, pamoja na wenzao, waliripoti kwamba wanawake wenye ugonjwa huu wana testosteroni nyingi kuliko kawaida katika damu na hata katika ugiligili, na kwamba homoni hiyo huzichochea seli zinazotengeneza ugiligili kusukuma chumvi na maji zaidi. Dawa ya kuzuia kimeng'enya kile ilijaribiwa nchini humo kwa wanawake 31, na ingawa shinikizo lilishuka kwa waliopewa dawa, tofauti kati ya makundi mawili haikutosha kuthibitisha ubora wake.

Tiba zilizothibitishwa kwa wanawake hao ni kupunguza uzito, ambako hushusha shinikizo lenyewe, na asetazolamaidi, ambayo hupunguza utengenezaji wa ugiligili na ambayo jaribio la Marekani na Kanada la mwaka 2014, lenye wagonjwa 165, lilionyesha kwamba huimarisha uwezo wa kuona. Steroidi kwa wagonjwa hawa haifai kuwa tiba ya kudumu: huongeza uzito, ambao ndio mzizi wa tatizo, na ikiachwa, shinikizo hurudi kwa nguvu.

Dalili na uchunguzi

Maumivu ya kichwa yana sababu nyingi, na mengi hayana uhusiano na shinikizo la fuvu. Yanayostahili kutiliwa shaka ni yale yanayozidi mtu anapolala, anapoinama au anapokohoa, yanayoambatana na kutapika, giza la ghafla machoni linalodumu sekunde chache mtu anapoinuka, kuona vitu viwili, au mvumo masikioni unaokwenda sambamba na mapigo ya moyo. Kwa mtoto mchanga, utosi uliotuna akiwa ametulia, na kichwa kinachokua haraka kuliko kawaida, ni dalili za kumpeleka hospitali siku hiyo hiyo.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine kubwa. Daktari humulika ndani ya jicho kwa kurunzi maalumu na kutazama mahali ambapo mshipa wa fahamu wa kuona unaingilia. Kwa mtu mzima wa afya hapo huonekana duara la rangi ya manjano hafifu lenye ukingo uliokatwa vizuri. Shinikizo likiwa limepanda, ukingo hufifia, duara hutuna, na mishipa ya damu inayolikatiza huonekana kuzama na kuibuka. Hali hiyo ni tofauti na presha ya macho, ambayo nayo steroidi huweza kuipandisha, lakini hupimwa kwa chombo kingine na hutibiwa kwa njia nyingine.

Baada ya picha kuonyesha kwamba hakuna uvimbe unaoweza kuusukuma ubongo chini, hufuata sindano ya mgongo. Mgonjwa hulazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea tumboni. Sindano huingizwa kati ya pingili za chini za kiuno, mahali ambapo uti wenyewe umekwisha kukoma, na mrija mwembamba uliosimama wima huunganishwa nayo. Ugiligili hupanda katika mrija, polepole, ukicheza kidogo kwa kila pumzi, kisha husimama. Ukisimama chini ya sentimita 20, hali ni ya kawaida. Ukivuka 25 kwa mtu mzima aliyetulia, shinikizo limepanda. Kwa dakika hizo chache, jambo lililokuwa limefichwa ndani ya mfupa husomwa kwa rula.

Chanzo kwanza, dawa baadaye

Mambo yanayomhusu mtu wa kawaida katika elimu hii si mengi, lakini kila moja lina uzito. Vidonge vya prednisoloni au deksamethasoni vilivyotumika zaidi ya wiki tatu visiachwe ghafla, hata mtu ajisikie amepona. Vipunguzwe kwa ratiba ya daktari. Anayevitumia aseme hivyo kila anapotibiwa, kwa ugonjwa wowote, na anayepaka krimu za kung'arisha ngozi naye aseme bila kuona haya, kwa kuwa daktari asiyeambiwa hawezi kuotea. Steroidi isinunuliwe dukani kwa ajili ya kichwa kinachouma, wala isitolewe kwa aliyeanguka na pikipiki kwa kuwa tu ilimsaidia jirani mwenye uvimbe wa ubongo.

Wajibu ulio mkubwa zaidi uko kwa watoa huduma na kwa wanaopanga huduma. Ushahidi uliotajwa hapa ulitoka kwa maelfu ya wagonjwa walioingizwa katika utafiti, wengine wao wakiwa Kampala, Blantyre na Kilifi, na baadhi yao walikufa wakiwa katika kundi lililopewa dawa ambayo baadaye ilionekana kudhuru. Hospitali ya wilaya yenye kifaa cha kumulika jicho, sindano ya mgongo na mrija wa kupimia, pamoja na mtu aliyefundishwa kuvitumia, ina uwezo wa kutenganisha mgonjwa wa fangasi na wa kifua kikuu, na mama mwenye shinikizo lisilo na uvimbe na mwenzake mwenye kipandauso. Vifaa hivyo ndivyo vinavyoamua kama homoni hii yenye nguvu itamwokoa mgonjwa au itamwangamiza.